Kipande cha Salamu

Mimi Fanny ndimi ninayesoma matangazo ya familia kwenye redio yetu hapa Kalemie, na Jérémie, fundi wetu wa ordinatere, yaani kompyuta, alikuwa amenichosha. Eti ninamaliza muda wa hewani kwa kusoma salamu za watu. Basi akaandika programu. Ujumbe ukiingia, inatafuta penye "kisha salamu", ao "kiisha salamu", ao "baada ya salamu", kwa herufi kubwa ao ndogo, na hapo hapo inaukata vipande viwili. Cha mbele, chenye salamu, inakiacha. Cha nyuma, chenye habari, kinakuja kwangu.

Kusema kweli nilifurahi. Nilikuwa namaliza mapema na kurudi nyumbani.

Lakini bwana yangu Edmond akaanza kuzima redio katikati ya kipindi. Dada yake mkubwa, Bertille, anakaa Kirungu. Tangu Edmond alipokosa kufika kwenye mazishi ya mama yao huko, Bertille hamtaji. Na kwetu, muntu mwenye hasira nawe hakutukani. Anasalimia nyumba nzima, mpaka mpangaji, jina lako analiruka. Siku akilitaja, yameisha, wala hakuna haja ya kikao. Bertille hana simu. Anaazima ya jirani na kuandikia redio. Edmond alikuwa akisikiliza salamu zile huku akijifanya anashona kiatu.

"Unazima kwa nini?" nikamuuliza.

"Ulisoma ya Bertille leo. Maharagwe yako tayari, mutume mifuko. Njo hiyo tu, basi?" Akakiweka kiatu chini. "Sasa hasalimii hata watoto. Mimi nitajuaje kama amenisamehe?"

Loo! Haya na hasira vilinishika pamoja. Asubuhi nikamwendea Jérémie.

"Wewe, salamu za watu unazitupa wapi?"

"Sizitupi, Mama Fanny. Ujumbe wote uko. Kile kipande hakionyeshwi tu."

"Fungua."

Akafungua. *Namsalimia Fanny, na Mujinga mpangaji wenu, na watoto wote, na mama wa jirani. Na Edmond, mdogo wangu. Kisha salamu, maharagwe yako tayari, mutume mifuko.*

Nikausoma wote hewani, jina kwa jina, na nilipofika kwenye la Edmond nikalisoma mara mbili.

Mchana Edmond akaja redioni mwenyewe, amevaa shati lake la misa. Akaomba simu yangu, akaandika polepole jibu kwa dada yake, akalituma kwenye namba yetu, akaenda kukaa nje. Jérémie alikuwa hajaigusa bado ile programu. Akakunja uso mbele ya ordinatere.

"Mama, ya Papa Edmond haikatiki. Hakuna 'kisha salamu' hata moja. Habari yenyewe iko wapi?"

Nikasogea, nikasoma. *Edmond anamsalimia dada Bertille. Anamsalimia tena. Anasalimia na kaburi la mama.*

"Njo hiyo," nikamwambia. "Fungua maikrofoni."