Ndoo ya Saa Sita Kasorobo

"Tangu lini, Mama? Nijibu, tangu lini?"

"Usinipigie kelele chumbani kwangu," mama mkwe akasema, huku akikamua tambara juu ya ndoo. "Kwani kudeki kumekuwa kosa?"

Sakafu nzima ilikuwa chepechepe. Dirishani alikuwa ametundika shuka linalochuruzika maji. Ilikuwa saa sita kasorobo, na saa sita kamili ndipo alipotakiwa kusoma kipimajoto cha ukutani na kuandika namba kwenye daftari langu.

Mimi ni fundi sanifu wa majengo, mwenye diploma na miaka kumi na sita ya kula vumbi la saruji. Mwaka huu niliomba ithibati ya mtathmini wa majengo rafiki kwa mazingira. Bila cheti hicho, kazini kwetu nitachora vyoo hadi nistaafu. Mtihani wa maandishi nilishafaulu. Ilibaki ripoti ya chumba kimoja nilichokirekebisha mwenyewe, pamoja na vipimo vya joto vya siku thelathini. Nilichagua chumba cha mama mkwe, maana kilikuwa tanuri. Nikapaka bati rangi nyeupe, nikaweka dari, nikatoboa matundu ya hewa juu ya kuta, nikajengea dirisha kivuli. Stoo iliyo pembeni sikuirekebisha, iwe ya kulinganishia; nikaitundikia kipimajoto chake tu. Kwa kuwa mchana niko kazini, vipimo nilimwachia yeye. Siku hiyo ilikuwa ya thelathini, na ripoti ilitakiwa itumwe kabla ya saa kumi. Nikarudi mapema nichukue daftari, nikamkuta amepiga magoti na tambara lake.

"Mama, hapa tunapima dari. Hatupimi ndoo."

"Wiki ya kwanza nilisoma tu, kama ulivyoniagiza. Nikaona chumba kimeizidi stoo kwa ubaridi wa digrii nne. Nne! Nikasema, injinia wangu amejipaka rangi mpaka kwenye nyusi, halafu apewe nne? Watamcheka. Nikakusogeza kidogo."

Huniita injinia ili kunitania.

"Kidogo? Daftari linasema nane!"

"Basi si umefaulu?"

Binti yangu, aliyekuwa sebuleni mkabala na mlango akinichapia ripoti, akaangua kicheko. Nilipomkata jicho, kikamkauka.

"Mama, tuma tu," akaniambia. "Nani atajua? Hao hawaji kukagua deki ya bibi."

Sitajifanya malaika. Nililifikiria hilo, tena vizuri tu. Namba zilikuwa nzuri, mwandiko ulikuwa nadhifu. Lakini cheti kile ni cha kupima nyumba za watu. Nikisaini nane, kuna mtu atajengewa chumba kwa ahadi ya nane, naye atakaa humo bila mtu wa kumdekia kila mchana.

Nikamtazama mama mkwe. Gauni lake lilikuwa limelowa magotini, na magoti yale yana maumivu ya miaka. Bomba liko nje, ngazi tano chini.

"Umebeba ndoo hii siku ishirini na tatu?"

"Hukuniona nikiomba msaada."

Nikakumbuka mwanamke huyu akisimama kwenye geti la chuo kila saa nne, huyu binti akiwa mgongoni, ili nitoke darasani nimnyonyeshe. Miaka miwili, jua na mvua. Ile diploma ninayojivunia, nusu yake aliisimamia yeye pale getini. Wala sikuwahi kumwambia.

"Asante, Mama," nikasema.

Akanikazia macho. "Unanishukuru au unanifokea? Chagua moja."

"Vyote viwili. Na ya geti la chuo pia, asante."

Akageukia ukuta, akajifanya anasoma kipimajoto.

Nikaenda sebuleni. "Futa jedwali lote," nikamwambia binti. "Bakiza siku saba za mwanzo tu. Andika kwamba siku zilizobaki chumba kilipozwa kwa maji, kwa hiyo hazihesabiki. Malizia: naomba kuhamishiwa awamu ijayo."

"Awamu ijayo ni baada ya miezi sita, Mama!"

"Najua kuhesabu. Andika."

"Andika kosa ni langu!" mama mkwe akapaza sauti kutoka chumbani.

"Usiandike hivyo. Andika kwamba sikumweleza msaidizi wangu kwa nini tunapima. Nilimwambia soma, andika, nikaondoka."

Huo ndio ukweli. Nilimtumia kama saa ya ukutani.

Binti akachapa, kisha akasita. "Wanataka jina la msaidizi wa vipimo. Niache wazi?"

"Wazi kwa nini?"

Nikamtajia jina la bibi yake lote, lake na la baba yake na la babu yake, herufi kwa herufi. Nikalisoma kwenye skrini lisije likakosewa. Kisha nikavuta kompyuta upande wangu, nikatuma.