Plasta Haijashika

Mwaka wa 1971 Rukaya, mwenye duka la vitambaa mjini Nyeri, alijenga sebule mpya na akataka ua kubwa la plasta darini, pale taa itakaponing'inia. Kazi akampa Ngatia. Ngatia alilimimina ua lile kwenye kalibu, likakauka vizuri, likawa na uzito wa mbuzi. Mtu mmoja hangeweza kulipandisha, na plasta ya jasi haimngoji mtu. Sementi hukuachia nafasi ya kwenda kunywa chai. Jasi ikishaingia majini, mmeanza kufukuzana.

Rukaya akatuma Mutahi aitwe, kwa kuwa ndiye fundi mwingine aliyeijua jasi. Hakumwuliza Ngatia. Mutahi alikuwa mume wa Gathoni, dadake Ngatia, lakini wanaume hawa hawakuwa wamesemezana tangu mwaka uliotangulia, mama yao Ngatia na Gathoni alipozikwa kule Tetu. Mutahi hakuonekana mazishini. Mkwe kukosa mazishi ya mama mkwe ni jambo la kusemwa hata na watu wasiohusika, nao walilisema.

Mutahi alifika, akavua koti, akaosha ndoo. Aliisugua mpaka chini, maana mabaki ya jasi kuukuu huifanya mpya igande kabla ya wakati. Ngatia aliona kwamba imeoshwa sawasawa na hilo likamuudhi. Akanyunyiza unga wa jasi majini, akakoroga, wakaupaka mgongo wa ua, wakapanda jukwaani na kulikandamiza darini kwa viganja.

Hapo hakuna aliyeweza kuondoka. Walisimama mikono juu, nyuso zikielekeana.

Ngatia alitazama ukuta. Kisha akasema, "Mama alikuwa anakupenda kuliko mimi."

"Najua."

"Na hukukuja."

"Nilikuja," Mutahi akasema. "Nilifika kwa shamba ya kahawa, hapo juu ya boma. Niliona wanatoa sanduku, nikaanza kulia. Si kulia ya mwanaume. Nilishika mti ya kahawa nikalia mpaka watu wakaenda nyumbani."

Wakati wa hali ya hatari ya Waingereza, miaka ya hamsini, mamake Mutahi alipochukuliwa kizuizini, mamake Ngatia ndiye aliyemlisha Mutahi, akimkatia viazi sawa na watoto wake.

Rukaya akachungulia mlangoni. "Bado haijashika?"

"Bado," wakasema wote wawili.

Akaondoka.

"Gathoni anajua?" Ngatia akauliza.

"Nilimwambia ati lori iliharibika."

"Lori gani? Wewe hutembea na miguu."

"Hakuuliza ni gani. Tangu siku hiyo hajaniuliza kitu."

Plasta ilikuwa imepata joto chini ya viganja vyao, kama kawaida yake inapoganda, kisha joto likapungua. Wote walijua maana yake. Ua lilikuwa limeshika na lingekaa pale hata nyumba ikiuzwa. Hakuna aliyeteremsha mikono.

"Ungeniambia, shemeji," Ngatia akasema. "Mimi nimekuita mbwa mbele ya kanisa yote."

"Nilisikia."

"Na mbele ya wazee wa soko."

"Hiyo pia nilisikia."

Ngatia akasema, "Nitarudi niwaambie. Kanisa kwanza."

Rukaya akaja tena, safari hii akiwa na sinia ya chai. Akaliangalia ua, akawaangalia wao. "Mliniambia jasi ni ya haraka."

"Ni baridi ya hapa, mama," Mutahi akamwambia. "Inachelewesha."

Walipojaribu kuteremsha mikono, ilikataa. Ilibidi waishushe polepole, mmoja akimsaidia mwenzake kukunja kiwiko. Wakanywa chai wamekaa juu ya mfuko wa jasi.

Jumapili baada ya ibada Mutahi alikwenda Tetu na Gathoni. Alikuwa amemweleza yote, naye akampa leso yake aitie mfukoni. Walimkuta Ngatia kaburini ameshaanza kung'oa magugu. Mutahi akapiga magoti upande wa pili, akaanza naye kung'oa, na alipolia hakuna aliyemtazama.