Kovu Chini ya Bati

Taa ya injini iliwaka tena Jumanne asubuhi, mbele ya macho ya Fundi Constantine mwenyewe, ndogo na ya manjano kama jicho la paka aliyeshiba. Ilikuwa mara ya nne tangu Februari. Felisita alizima gari lake kuukuu, akashuka, akauweka ufunguo juu ya meza ya kazi kama mtu anayerudisha mahari.

"Mwangaluka, fundi."

"Mwangaluka, mayu," fundi akaitikia kwa Kisukuma, kama amwitavyo mama yeyote.

"Mgonjwa wako nimemrudisha. Juzi pale kwenye mwinuko wa Kimali nimepitwa na mkokoteni wa ng'ombe. Na ng'ombe wenyewe waligeuka kunitazama." Aliketi juu ya gurudumu lililolala. "Harufu nayo ni ya mayai viza. Mama yangu kule Bukundi ananiuliza kama nimestaafu unesi nikaanza kuatamisha kuku."

Constantine hakucheka. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kwa miaka hamsini hakuwahi kushindwa na gari mara nne. Ufundi aliupata katika karakana ya misheni, mikononi mwa bruda aliyechukia uongo wa chuma kuliko uongo wa mdomo. Kila mwanafunzi aliyechomelea kitu alipaswa kugonga alama yake kando ya mshono, ili siku mshono utakapofumuka ajulikane wa kujibu. Alama ya Constantine ilikuwa msalaba mdogo juu ya herufi C. Bariadi nzima iliijua. Hata majembe ya kukokotwa na ng'ombe yalinunuliwa kwa kutazamwa alama hiyo kwanza.

Alichomeka kipimo cha kompyuta. Kikasema yaleyale: sensa ya oksijeni, ile inayokaa kwenye bomba la moshi na kuuonja kama ulimi unavyoonja mchuzi, inalalamika kwamba injini inapata petroli kidogo mno. Mara tatu Constantine alikuwa amebadilisha sensa hiyo, na mara tatu taa ikazimika siku chache, ikarudi. Sensa zote tatu zilitoka duka la vipuri la Tajudin.

Ndipo, wiki tatu zilizopita, siku ya mnada, alipoingia katika duka hilo likiwa limejaa watu, akazimwaga sensa mbili za mwanzo juu ya kaunta na kusema kwa sauti ya kanisani, "Huyu anatuuzia vyuma vilivyokufa."

Tajudin aliuliza jambo moja tu. "Mzee wangu, umezipima?"

"Mimi nimepima injini kabla baba yako hajajua baiskeli!"

Watu wakaangua kicheko, naye akazikusanya sensa zake mbili na ya tatu aliyopewa badala yake, akatoka. Kicheko kilikwisha, lakini neno halikwisha. Tangu siku hiyo wenye magari walisafiri hadi Binza, kule Maswa, kutafuta hata plagi moja.

"Vijana wa stendi wananiambia nitoe masega ya kwenye bomba la moshi, basi," alisema Felisita.

"Wapumbavu. Masega yamewekwa yasafishe moshi. Mtu akiziba pua, humkati pua."

"Sawa. Basi nikuulize kama nesi. Mgonjwa akirudi mara nne na homa ileile, mbovu ni dawa, au ni tabibu?"

Constantine alichomoa kipimo cha kompyuta, akauviringa waya wake. "Niachie gari," alisema hatimaye.

Siku mbili alipigana nalo. Boliti zilizoliwa na kutu zilimchubua vifundo. Spana iliteleza ikampiga kidevuni. Mara mbili alirusha kitambaa chini na mara mbili akakiokota, kwa maana alifundishwa kwamba karakana chafu ni roho chafu. Aliifungua sensa, akafunga mahali pake geji ya kupimia mgandamizo, akawasha injini na kukanyaga mafuta. Mshale ukapanda ukagoma kushuka. Moshi haukuwa na pa kutokea. Aliyafungua masega: vile vitundu vyake vilivyo kama vya nyuki vilikuwa vimeyeyuka na kushikana kama nta iliyosahauliwa juani.

Fundi mwingine angetosheka hapo. Constantine aliketi juu ya kreti, akajiuliza maswali kwa mpangilio, kama katekisimu. Masega huyeyuka kwa nini? Kwa kuunguziwa petroli iliyozidi. Nani ameizidisha? Injini, kwa kuiamini sensa. Na sensa, kwa nini ilisema petroli ni kidogo? Kwa sababu ilionja hewa.

Hewa ya wapi?

Alikwisha kukagua kila kiungo. Palibaki sehemu moja tu, bomba la mbele kabla ya sensa, lililofunikwa na bati la kukinga joto. Bati hilo hakuwahi kulifungua katika miezi yote hiyo. Miaka minne nyuma Felisita aligonga jiwe njia ya Bukundi, na bomba lile likachomelewa na Constantine mwenyewe. Nani hupekua mfuko wake akimtafuta mwizi?

Alilifungua bati. Akaelekeza upepo wa kompresa ndani ya bomba kupitia tundu la sensa, akapaka maji ya sabuni juu ya mshono. Povu likachemka pale pale, jeupe, la furaha, kando ya msalaba mdogo na herufi C. Ufa wenyewe haukuzidi unywele; ulitosha kuvuta hewa kila moshi ulipopumua.

Tupa ilikuwa karibu na mkono wake. Dakika mbili, na alama ingefutika. Sensa zingeendelea kuitwa mbovu, na Mungu peke yake ndiye angejua. Aliishika tupa. Alishangaa kuona jinsi ilivyokaa vizuri mkononi.

Kisha akaiweka chini, akachukua msumeno, akakikata kipande kile pamoja na alama yake. Akachomelea bomba jipya. Masega yakiwa bado pembeni, aliwasha injini, ikanguruma mtaa mzima, akazifunga sensa za Tajudin moja baada ya nyingine. Ya kwanza ikaonja vema. Ya pili vilevile. Ya tatu pia. Zote zilikuwa hai. Zilikuwa zimesema kweli tangu Februari.

Felisita alipokuja aliukuta uso wa fundi umezeeka.

"Masega mengine nimeagiza Mwanza, juu yangu. Yatafika Jumatatu."

"Na ugonjwa ulikuwa nini?"

"Mimi, mayu."

Felisita alikitazama kile kipande cha bomba, akakitazama kidevu kilichochubuka. Hakumwonea huruma, manesi wa zamani hawakufundishwa hivyo. "Basi wewe umeshajulikana," alisema. "Na yule uliyemchoma sindano isiyo yake?"

Ijumaa, swala ilipokwisha, Constantine alivaa koti lake la misa akaenda kwa Tajudin. Rafu zilikuwa na vumbi. Tajudin alikuwa peke yake, akifuta vioo vya taa ambavyo havikuhitaji kufutwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Constantine alitoa kile kipande kwenye gazeti, akakiweka juu ya kaunta, alama ikitazama juu. Akaeleza yote, ufa na hewa na sensa tatu, bila kujiombea nafuu. "Nilikuita mwongo. Mwongo ulikuwa mshono wangu. Nisamehe."

Tajudin alipitisha kidole juu ya ufa.

"Mimi nimekusikia, mzee wangu," alisema taratibu. "Lakini siku ile hukuniambia mimi. Uliwaambia watu."

Constantine aligeuka kulitazama duka. Hapakuwa na mtu. Wateja alikuwa amewafukuza yeye mwenyewe, kwa neno moja, na neno lilitembea haraka kuliko yeye.

"Unafunga saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili."

"Na kesho?"

"Kesho nafungua saa mbili."

Mzee alivuta benchi la wateja, akaliweka mlangoni ambapo kila apitaye angemwona. Akaketi wima kama alivyofundishwa, kipande cha bomba juu ya magoti, alama ikielekea barabarani. Tajudin alimtazama, akaacha kufuta vioo, akamletea maji ya kunywa.

Upande wa pili wa barabara mtu mwenye gari bovu alipunguza mwendo, akalitazama duka, akaona nani ameketi mlangoni. Constantine akasimama, akakiinua kile kipande cha bomba, akamwita.