Sabuni ya Unga

Hadi leo harufu ya sabuni ya unga ikinipitia puani, natema mate. Kinyaa hicho nimejitengenezea mwenyewe, tena kwa brashi ya kufulia.

Baba alikuwa dereva wa treni. Alipostaafu alijifungia chumba cha nyuma, akaijenga njia yake yote upya juu ya meza: stesheni, madaraja, mabehewa ya urefu wa kidole. Ilimchukua miaka kumi na tisa. Majirani walimwita Mzee Treni, wakisema utoto umemrudia. Mimi nami nilicheka, nisijitie utakatifu hapa.

Alikuwa amelazwa hospitali barua ilipofika. Mama mmoja wa makumbusho, aliyepelekewa picha na baba, angekuja Ijumaa kuitazama reli hiyo. Ikimridhisha angeichukua nzima na kuipa ukumbi wake. "Sijui kama yupo mwingine anayejenga hivi," aliandika.

Nilimsomea baba kitandani. Alinishika mkono.

"Nikifa mtaitupa, nawajua. Mwacheni aione ilivyo."

Ilivyo. Neno moja tu, na bado likatushinda.

Kaka yangu, bingwa wa kiherehere, alifungua mlango wa chumba kile akakunja uso. "Kutu, masizi, mafuta. Huu uchafu ndio tumwonyeshe mgeni?"

Nikaona aibu. Tukachota maji, tukayakoroga na sabuni ya unga. Alhamisi nzima tulisugua behewa moja baada ya jingine, mpaka maji ya beseni yakawa meusi. Jioni tulipongezana, wajinga wawili.

Kesho yake yule mama aliinama mezani, akaligeuza behewa moja huku na huku.

"Ile kutu iko wapi?"

"Tumesafisha," kaka akajibu, kifua mbele.

"Ile ilikuwa rangi. Aliipaka kwa brashi nyembamba kama unywele, kila doa mahali pake. Ndiyo niliyoifuata." Akafunga daftari. "Vya kuchezea tunavyo vingi." Aliaga kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyonichoma zaidi.

Beseni lilikuwa bado uani. Nilipoyaona yale maji nilitapika papo hapo. Kaka akaniuliza nimekula nini.

Baba aliporudi tulimweleza yote. Hakugomba. Alichukua behewa moja, akalinusa.

"Linanukia," akasema, akalirudisha relini polepole, kama lina abiria.