Bomba Lililopungua Vidole Viwili

Mama alikuwa amekwisha kujitanda mtandio, amekaa kibarazani na mkoba mapajani, jicho moja limefunikwa kwa pamba. Daktari wa macho alimpa miadi ya saa nne asubuhi, baada ya kumngojesha miezi mitano. Ikipita saa nne na nusu, nafasi anapewa mwingine. Na teksi hazikupanda tena huku mlimani tangu barabara ichimbwe.

Mbele yake gari lilikuwa juu ya jeki, na uvunguni amelala bintiye, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi, wengine kwa heshima, wengine kwa kejeli. Alfajiri Baba alikuta mafuta ya breki yamechuruzika chini. Bomba jembamba lilikuwa limeliwa na kutu.

"Nyumba ina fundi," Baba alisema. "Tukahangaike wapi?"

Fundi akakata bomba jipya, akalainisha ukingo kwa tupa, akalibana kwenye kifaa cha kutanulia, akautanua mdomo wake, kisha akaukunja kwa ndani ili usipasuke. Ukatoka mviringo, laini kama wa kikombe. Akatabasamu. Hapo ndipo alipoiona nati ya kulifungia bomba, imetulia chini. Ilipaswa kuvishwa kwanza. Sasa mdomo ni mpana, haipiti.

Baba akacheka hadi akakohoa. "Umevaa viatu, mwanangu, ndiyo unatafuta suruali!"

Fundi akakata mdomo ule, akavisha nati, akatanua upya. Bomba likawa limepungua vidole viwili. Lilifika, lakini likavutika kama kamba ya kuanikia nguo, pale lilipopaswa kulegea kidogo. Aliliona. Akakaza nati hivyo hivyo.

Wakatoa hewa kwenye breki, Baba akikanyaga pedali, yeye akifungua na kufunga tundu la kutolea hewa. Pedali ikawa ngumu. Hakuna tone.

"Saa tatu kasoro robo," Mama alisema.

Baba akashusha jeki, akamshika mkono mkewe, akamketisha kiti cha mbele. Injini ikanguruma. Fundi akatazama mteremko ule mrefu unaoishia kwenye barabara kuu. Akaenda akasimama mbele ya gari.

"Baba, zima."

"Linavuja?"

"Halivuji. Ni fupi. Gari likitikisika, mdomo unavutwa. Unaweza kupasuka."

"Pedali ngumu kama jiwe! Tutakwenda polepole."

"Mteremko ule haujui polepole, Baba. Nililiona tangu mwanzo. Niliona aibu kukata tena."

Baba akakamata usukani, mishipa ya mikono imemtoka. "Miezi mitano, Fundi! Unajua mama yako ameingojaje?"

"Najua."

Mama ndiye aliyefungua mlango. Akashusha mguu mmoja, akapapasa chini, akashusha wa pili.

"Nipe mkono, mume wangu. Tukianza kutembea sasa, tutafika barabarani tupate teksi."

"Na kama hatufiki?"

"Tutaomba siku nyingine. Mtoto ameshasema lililomchoma. Unataka aseme nini tena?"

Baba akazima injini. Hakumtazama bintiye alipokuwa akipita. Lakini alipofika langoni alirudi hatua tatu, akamtia funguo kiganjani.

"Bomba bado lipo la kutosha?"

"Lipo."

"Basi kata. Ukishajiridhisha wewe mwenyewe, shuka utufuate. Wewe ndiye utakayeendesha."

Wakaondoka taratibu, Mama akipima kila jiwe kwa ncha ya kiatu. Fundi akawatazama mpaka konani. Kisha akainua gari tena, akalala uvunguni, akafungua nati.