Upande wa Pili wa Barua

Jumapili asubuhi, mke wa fundi alikuwa anapiga pasi shati jeupe la shemeji yake alipokuta wino wa buluu mgongoni. Alilirudisha kwenye beseni, akalifikicha kwa sabuni, wino haukutoka. Akalianika, akalisogelea, akasoma: "Mke wangu, nimepata chumba. Njoo."

Kusoma alikuwa amejifunza mwaka huohuo, kwenye darasa la watu wazima. Kabla ya hapo msomaji wake alikuwa huyo shemeji, karani wa ofisi ya maji, aliyekula na kulala kwake tangu kaka yake, fundi, aondoke kwenda kutafuta kazi ng'ambo ya mpaka. Karani alikuwa na sauti nzuri ya kusomea barua. Kila mara alisoma "baada ya salamu, mimi huku sijambo, hofu ni kwenu huko," kisha akaikunja karatasi. Hakuwahi kuigeuza. Siku moja mke wa fundi aliuliza mbona nyuma nako kumejaa maandishi.

"Ni wino umepenya tu, shemeji. Hebu nipakulie."

Naye akapakua. Barua zilikuja kumi na moja, na zote karani aliwashia jiko. Mwaka wa sita huu haijaja nyingine. Halafu Alhamisi moja darasani, mwalimu alisoma ukurasa hadi chini, akaugeuza, akaendelea kusoma. Mke wa fundi hakusikia tena lolote mpaka kipindi kikaisha. Jumapili iliyofuata ndipo wino ulipotokea.

Alimwita karani, akamwambia avue shati. Mgongo wote, toka mabegani hadi kiunoni, ulikuwa umeandikwa kwa mwandiko wa fundi, mistari imenyooka.

"Kuna nini?" karani aliuliza.

"Maandishi ya kaka yako."

Karani alienda kwenye kioo cha kabati, akajipinda mpaka shingo ikalia. Kwenye kioo mgongo ulikuwa mtupu.

"Basi nisomee, shemeji."

"Kaa," alisema, akamsogezea kigoda.

Kila Jumapili barua moja ilififia, ikaja nyingine. Alizisoma kimoyomoyo, kwa kidole, silabi kwa silabi. Ya tatu ilisema fundi amenunua kitanda cha watu wawili. Ya saba, kwamba kila Ijumaa huenda stesheni, pengine mkewe atashuka. Ya kumi: "Kama hunitaki, niandikie hata neno moja." Hapo kidole kilizama mpaka karani akaguna. Alimchukia mtu huyu. Alimchukia kwa kila sahani aliyompakulia na kila kola aliyomnyooshea, na hakuona haya.

Mashati ya rangi ya karani aliyaloweka kwenye dawa ya kung'arisha, yakatoka meupe yote. Wino ulipenya kila shati, karani peke yake hakuuona. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya posta, waliosimama nyuma ya karani walimsoma, wakasonya, wakasogea mbali kidogo. Ofisini wenzake waliacha kumwitikia. Hakuna aliyemweleza sababu, na yeye aliogopa kuuliza.

Ya kumi na moja ilikuwa fupi: "Nimengoja vya kutosha. Nimeoa. Sikulaumu." Chini yake palikuwa na anwani. Mke wa fundi aliinakili, akaandika barua yake ya kwanza maishani, pande zote mbili. Ilirudi baada ya mwezi, haijafunguliwa, imepigwa muhuri: AMEHAMA.

Barua ya mwisho mgongoni haikufifia. Karani alikaa kwenye kigoda, mgongo wazi, mikono magotini.

"Shemeji, miezi yote hii. Inasema nini?"

"Salamu tu. Yeye huko hajambo."

"Na hayo mengine? Nasikia kidole chako kinavyotembea."

"Ni wino umepenya tu, shemeji."

Mke wa fundi alimtupia shati magotini, jeupe, limenyooka, akaingia jikoni kupakua chakula cha mtu mmoja.