Kiti cha Kumenyea Viazi

Mgeni siku ya kwanza mpe jembe. Siku ya pili mwongezee shoka. Siku ya tatu muulize mbona chakula kimechelewa. Ndivyo methali ilivyofuatwa katika familia ile, na aliyeushika mpini wa jembe alikuwa mke wa fundi saa. Wakwe zake walimwita Mgeni tangu alipoolewa, na jina likamganda.

Kila mwaka shule zikifungwa, familia ilikodi nyumba ileile kando ya ziwa kwa wiki moja. Wengine walikuja kupumzika. Mgeni, ambaye mwaka mzima alishona sare za shule, alikuja kupika. Aliwapara samaki kwenye sinki lenye bomba linalovuja, akachemsha maharage, akamenya viazi akiwa ameketi kwenye kiti cha mbao ambacho mguu wake mmoja ulifungwa kwa waya.

Mezani kulikuwa na desturi. Mama mkwe aliumega mkate kwa mikono, akamgawia kila mmoja kipande, na kila aliyepokea alijibu, "Nipo." Asiyepewa hakujibu, na asiyejibu hakuketi. Mkate ulikuwa wa waliozaliwa, si wa walioletwa. Mume wa wifi yake, dereva wa lori, naye aliletwa, lakini aliketi tangu mwaka wake wa kwanza kwa sababu alikuwa na mgongo mbaya. Mgeni alikula jikoni wenzake wakishamaliza, mara nyingi vichwa vya samaki.

"Mwakani nitamwambia Mama," fundi saa alizoea kumnong'oneza. "Mwakani na wewe utasema 'Nipo' mbele yao wote."

Alisema hivyo kila mwaka, mpaka mvua za mwaka huu, moyo wake uliposimama akiwa ameinamia saa ya mteja. Saa yenyewe iliendelea.

Familia ilikubaliana kwamba likizo isivunjwe. Jioni ya kwanza, jua likizama, mlango ulifunguliwa na fundi saa akaingia. Alivaa shati alilozikwa nalo. Alipangusa viatu mlangoni, kwa kuwa nyumba haikuwa yao.

"Umechelewa," alisema mama yake. "Nawa mikono."

"Barabara ya huko ikoje?" aliuliza dereva.

"Haina matuta."

Dereva alitikisa kichwa kwa wivu.

Kwenye kiti cha zamani cha fundi saa, kaka yake mkubwa, mpima ardhi, alikuwa ameweka mguu wake wenye jongo, na mguu ule haukuwa wa kusumbuliwa. Kwa hiyo wifi alikwenda jikoni.

"Wifi yangu, inuka kidogo. Kaka amekuja, hana pa kukaa."

Mgeni aliinuka, kisu mkono huu, mkono huu kiazi kilichomenywa nusu. Kiti kikaenda mezani. Mkate ulimegwa.

"Nipo," alisema marehemu, na hakuna aliyempinga.

Alikula supu kama zamani, akiongeza chumvi kabla ya kuonja. Saa ya ukutani, iliyokufa kabla hawajaanza kuikodi nyumba ile, ilianza kutembea.

Baada ya chakula alimfuata mkewe jikoni. Mgeni aliona mkono wa shati hauna kifungo. Shati lile alilishona mwenyewe, na siku ya mazishi ilifika kabla hajalimaliza. Alichomoa sindano yenye uzi kwenye kola ya gauni lake, akatoa kifungo mfukoni, akamshika kiganja. Kilikuwa cha baridi kama chuma cha cherehani asubuhi.

"Umemwambia?"

"Mwakani."

"Ushakufa, mume wangu. Unaogopa nini tena?"

"Mama ni Mama," alisema. "Usinichome."

Hakumchoma. Alikata uzi kwa meno, akarudi kwenye sufuria.

Ikawa hivyo kila jioni. Marehemu aliingia, wifi akaja kuchukua kiti, Mgeni akamenya viazi amesimama mpaka nyayo zikamvimba. Walipokwenda ziwani kupiga picha ya familia, fundi saa aliwekwa katikati, na Mgeni akapewa kamera.

"Rudi nyuma kidogo, wifi," aliambiwa, "tuenee wote."

Alirudi nyuma. Marehemu alitoka vizuri kuliko dereva, ambaye alifumba macho.

Jioni ya mwisho Mgeni aliweka sufuria ya supu katikati ya meza. Kisha alirudi jikoni, akabeba kiti chake, akakiweka pale kilipokuwa kikiwekwa wiki nzima, akaketi. Fundi saa alipoingia alisimama ukutani chini ya saa, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri kuitwa.

Mama mkwe alimega mkate. Kwa mazoea ya wiki ile, mkono wake uliweka kipande mbele ya kiti kile. Mgeni alikiokota kabla mkono haujarudi.

"Nipo," alisema.

Sauti haikuwa kubwa. Ilikuwa imekaa ndani miaka mingi, ikatoka na mikunjo kama nguo ya sandukuni.

"Hicho ni kiti cha marehemu," alisema mpima ardhi.

"Hiki ni kiti cha kumenyea viazi, shemeji. Cha marehemu umekiwekea mguu."

Mpima ardhi aliutazama mguu wake. Hakuuondoa. Dereva alitaka kucheka, mkewe akamkanyaga chini ya meza.

"Mwanangu ametoka mbali," alisema mama mkwe. "Yeye amesimama, wewe umekaa."

Mgeni alimgeukia mumewe.

"Sema basi. Wako wote hapa."

Fundi saa alifungua mdomo. Alikitazama kifungo cha mkono wake, akaitazama saa.

"Tutaongea mwakani," alisema.

Mama yake alimega kipande kingine, akampelekea palepale ukutani. "Nipo," alisema marehemu, akatafuna amesimama. Mgeni naye alitafuna. Ulikuwa mkate tu, umekauka kidogo pembeni.

Supu ilianza kupoa. Sahani zilikuwa tupu na hakuna aliyenyoosha mkono, kwa kuwa mezani pale hakuna aliyewahi kupakua. Walimtazama Mgeni wote, hata marehemu.

"Mwombe radhi mumeo," alisema mama mkwe kwa upole, "halafu utupakulie."

Mgeni alimeza kwanza.

"Upawa uko jikoni," alisema. "Radhi siombi."